Sogeza Juu Kidogo

Mtu akikuambia kwamba kuchora mstari ulionyooka kwenye kompyuta ni kazi rahisi, jua hajawahi kuifanya. Simsemi yule anayekamata kipanya, anavuta, anaachia, na mstari huo hapo. Huyo amechorewa. Namsema anayekaa mbele ya skrini tupu, isiyojua rula wala kalamu, yenye vimiraba tu vilivyopangwa kama karo, vile vigae vya sakafuni, na ni lazima aiambie mashine kimraba kwa kimraba: hiki washa, hiki acha, hiki washa. Wenye kazi yao huviita pikseli. Mimi naviita vimiraba, kwa sababu ndivyo vilivyo.

Kazi yangu ni hiyo. Katikati ya mji, kwenye chumba kimoja chenye feni inayolalamika, tunatengeneza skrini ndogo za mizani za dukani, na mimi ndiye ninayeziandikia programu. Zile skrini ni maskini. Hazina akili ya kuchora chochote zenyewe, na nafasi ya kuweka programu ni finyu kama chumba cha kupanga. Kwa hiyo mstari wangu niliuandika mwenyewe, toka mwanzo, na nilikuwa na kiburi nao. Wenzangu walinicheka. Walisema, mstari umeandikwa duniani kote, we unaandika wa kwako wa nini? Niliwaambia, ugali nao unapikwa duniani kote, mbona mnakula wa kwenu?

Shida ya mstari ni hii. Ule wa shuleni hupita popote unapotaka. Wa kwenye skrini hauwezi, maana kimraba hakina nusu: kimewaka ama kimezimika. Ukitaka mstari uliolala kidogo tu, utoke kulia uende kushoto huku ukishuka taratibu, itabidi uujenge kwa ngazi. Unatembea pembeni, na kila hatua unajiuliza mstari wa kweli uko mbali nawe kiasi gani. Umbali huo ndio kosa lako. Hulitupi, unalibeba mfukoni. Kosa likiwa dogo unaendelea na safu ileile. Likifika nusu ya kimraba, unavuka safu ya pili na mfuko unapungua. Basi, siri yote ni hiyo. Mstari ulionyooka ni mtu anayetembea na kosa lake mfukoni na halisahau hata hatua moja.

Nilimweleza hivyo mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenilea. Tunaishi naye Gasenyi, pembeni kabisa ya mji wa Bujumbura, mahali ambapo nyumba zinaanza kuwa chache na milima inaanza kukukodolea macho. Meza yetu ina nailoni ya mirabamiraba nyekundu na nyeupe. Nilichukua maharage aliyokuwa anachagua, nikayapanga juu ya ile nailoni, moja kwa kila mraba, toka pembe moja ya meza mpaka upande wa pili. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja.

“Karibu iko imepinda,” akasema.

“Ukisimama mbali imenyooka.”

“Sasa mi niishi mbali ya meza yangu?” Akakusanya maharage yake, akayarudisha kwenye sufuria. “Haya, papa. Mustari yako ni nzuri. Lakini tutakula.”

Akiniita papa ujue amefurahi. Kwetu upande wa Kongo mtoto mwanaume huitwa hivyo na mama yake, hata akiwa na mvi. Akikasirika naitwa “we mutoto,” na siku akikasirika kweli haniiti kitu.

Nyumba ile ni yake. Tofali za kuchoma, mabati, saluni, kama tunavyoiita sebule huku, vyumba viwili vya kulala, na jiko la nje alilolijenga kwa faida ya vitenge alivyokuwa anavusha toka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Ni nyumba yake ya tatu maishani. Zile mbili za kwanza hazizungumzii, na mimi sikuwa na desturi ya kumchokonoa. Nilijua tu kwamba kila tulipolala mahali pengine, hata msibani, hata harusini, alikuwa na haraka ya kurudi. Alikuwa anafika, anafungua mlango, anasimama katikati ya saluni bila kufanya chochote, ndipo anavua viatu.

Nyuma ya mtaa wetu kuna korongo. Kila masika maji hutoka barabara ya juu yakikimbia ovyo, na korongo linakula ardhi kama mtu anayemega mkate. Liliondoka na choo cha mtu, likaondoka na migomba, likaanza kuisogelea njia ya watoto wa shule. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta wenyewe tulikuwa tunauona unakuja. Wakaazi wakaunda kamati. Mwenyekiti wake ni mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi bandarini akishughulikia karatasi za mizigo, na sauti yake bado inaamini kwamba kuna meli inapiga honi pembeni. Walipata wafadhili wa saruji na mawe, kwa sharti kwamba mtaa ulete mchoro wa mfereji, na mfereji uwe umenyooka. Maji hayapendi kona. Kila kona wanayoikuta wanaipiga mpaka ianguke.

Ndipo mwenyekiti akaja kwetu, akakaa, akanywa chai, akasema, “We si unajua mambo ya ordinateri?”

Yaani kompyuta. Nani angekataa? Kulikuwa na picha ya mtaa iliyopigwa toka angani kwa kile kidude kinachoruka, lakini ilikuwa imetumwa kwa simu mpaka ikachoka. Imekuwa ndogo, vimiraba vyake vinene vinaonekana kwa macho. Kimraba kimoja cha picha, ukikishusha ardhini, kilitosha kumeza jiko zima la nje. Niliiweka kwenye kompyuta yangu na juu yake nikapitisha mstari wangu mwenyewe, mwekundu, toka barabara ya juu mpaka kule korongo linapoingia kijitoni. Kila nyumba ambayo wekundu utaigusa, kamati itazungumza na mwenyewe.

Mstari wa kwanza uligusa karakana ya jirani yetu. Huyu ni fundi wa kuchomelea vyuma, Mwislamu, mtu wa mji tangu babu yake. Alihama mtaa wa Buyenzi kuja Gasenyi akitafuta nafasi ya kufungua mageti makubwa bila kuziba njia ya watu. Nyumba yake na yetu zinapakana, yetu upande wa kaskazini, yake upande wa kusini, na kati yazo kuna kijia cha kupita mtu mmoja na ndoo. Mstari ulikata karakana katikati. Nilimtumia mwenyekiti picha kwa simu.

Akanipigia mchana nikiwa kazini, akipiga kelele kama kawaida yake. “Nimeona. Ni vizuri sana. Lakini hapo kwa fundi umemuumiza. Sogeza juu kidogo.”

“Juu kidogo?”

“Kidogo tu. Sogeza juu, itapita vizuri.”

Mimi nina mizani inanisubiri, mteja amesimama mlangoni. Nilifungua picha, nikausogeza mstari juu. Kidogo, kama alivyosema. Niliona umelala juu ya nyumba nyingine, lakini kwenye picha ile mabati yote yanafanana na mimi macho yangu yalikuwa kwenye karakana: imepona. Nikatuma. Akajibu kwa kidole gumba.

Niliporudi jioni nikamkuta mama mkubwa saluni, amekaa sakafuni. Mbele yake ametandika kitenge kikubwa na juu yake amepanga vitu: sahani za enameli moja ndani ya nyingine, blanketi limekunjwa, biblia, viatu vyangu vya kanisani. Alikuwa anafunga bila haraka. Alijua kipi kinaingia ndani ya kipi. Fundo la kwanza lilikuwa tayari karibu na mlango.

“Mama mukubwa, unasafiri?”

Hakuniita kitu. Akanionyesha nje kwa kidevu.

Kwenye ukuta wa mbele, pembeni ya dirisha, walikuwa wamechora msalaba mwekundu. Bado ulikuwa unachuruzika. Ninyi mnaokaa huku mnajua msalaba huo maana yake nini. Nyumba ikishachorwa hivyo imeandikiwa kubomolewa, na watu huanza kupita wakiitazama kama mgonjwa.

Nilirudi ndani nikauliza nani, akasema vijana wa kamati, walikuja na picha kwenye simu, walikuwa na adabu, walimsalimia. Walimwonyesha mstari mwekundu umelala juu ya saluni yake toka ukuta mpaka ukuta. Aliutambua. “Ni ule mustari yako ya maharage,” akasema. “Ya ngazi ngazi.” Halafu akaendelea kukunja.

Nilimwambia aache kufunga. Akasema atafunga, halafu kama si hivyo atafungua, kufungua si kazi. Lakini kukutwa hujafunga, hiyo alishaionja. Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia chumvi. Ndipo nikatoka kumtafuta mwenyekiti, na sikutoka kwa upole.

Nilimkuta barabarani mbele ya kwake, anazungumza na fundi yule jirani yetu. Sikumsalimia. Mtu mzima, mzee wangu, na sikumsalimia, hasira ilikuwa imenilia adabu yote. Nilimuuliza mama yangu amemkosea nini. Akashangaa. Nikamwonyesha picha. Akaitazama, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

“We, umefanya nini? Mi nilikuambia sogeza juu.”

“Si nimesogeza juu!”

“Wapi juu hapa?”

“Hii hapa!” Nikaugonga ukingo wa juu wa simu kwa kidole. “Juu! Juu ni huku!”

“Juu ni kule!” Akanyoosha mkono wake mrefu, akaonyesha milima.

Tukasimama hivyo, watu wazima wawili, mmoja kidole kwenye simu, mwingine mkono kwa milima. Fundi alitutazama mmoja baada ya mwingine. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akaegemea ukuta.

“Wallahi,” akasema, “kijana amekulia hapa, amesomea hapa, na hajui juu ni wapi.”

Na kweli. Kila mtu Bujumbura anajua. Juu ni milimani, chini ni ziwani. Ukimuuliza mtu duka liko wapi atakuambia panda juu, ama shuka chini, na hata siku moja hutamsikia akisema kaskazini. Nilikuwa nimesema hivyo maisha yangu yote. Nikitumwa sokoni nilikuwa nashuka, nikirudi napanda, hata mahali ambapo njia ni tambarare kama meza. Lakini nikikaa mbele ya skrini, juu inahama. Juu inakuwa ukingo wa kioo, na katika picha ile ukingo wa juu ulikuwa kaskazini, kwa mama mkubwa. Milima ilikuwa kulia. Mwenyekiti alitaka nisogeze mwanzo wa mstari upande wa milimani, pale barabara inapokata kona, uanzie huko na ushuke ukiwa umelala tofauti. Mimi nikaubeba mstari mzima nikaulaza kitandani kwa mama yangu. Mtaa mzima, ni mimi peke yangu niliyelielewa lile neno vibaya, na ni mimi peke yangu niliyesomea.

Mwenyekiti aliniambia, safari hii kwa sauti ndogo, “Kuuliza si ujinga, kijana. Ungeuliza juu gani.”

“Na wewe ungesema kwa mulima.”

“Mi nilisema juu,” akajibu, na kwake hilo lilikuwa limeisha.

Alikuja mwenyewe jioni ile ile na kopo la rangi nyeupe, akaupaka msalaba ule. Ukuta wetu haukuwa mweupe, ulikuwa rangi ya tofali, kwa hiyo sasa tukawa na doa kubwa jeupe badala ya msalaba. Mama mkubwa alimshukuru. Fundo lake hakulifungua. Lilibaki pale karibu na mlango, na kila nikipita nililigusa kwa mguu.

Nikachora upya. Nilianzia kwenye kona ya barabara, kama mzee alivyotaka, na mstari ulishuka vizuri. Ulipita nyuma ya kanisa dogo, ukapita kwenye shamba la mihogo lisilo na mtu, ukaja ukashika mpaka wetu na fundi kama umepimiwa. Nilikuwa nataka kupiga makofi. Halafu nikaona kimraba kimoja chekundu kimekaa juu ya jiko letu la nje.

Nikarudia hesabu. Mstari wa kweli ulikuwa unapita katikati kabisa ya vimiraba viwili, kimoja jiko letu, kingine karakana ya fundi. Kosa mfukoni lilikuwa nusu, nusu kamili, si pungufu wala si zaidi. Hapo hesabu inanyamaza. Mashine haijui kunyamaza, kwa hiyo ni lazima mwandishi wa programu awe amesema mapema: nusu ikifika, fanya hivi. Mimi nilikuwa nimeandika: nusu ikifika, vuka. Sikufikiri sana siku ile, nani anafikiri sana juu ya nusu? Kwenye mizani hakuna anayeishi ndani ya nusu.

Sasa sikilizeni kituko. Nilijaribu kuchora mstari uleule, lakini nikaanzia chini kwenye kijito, nikapanda kwenda barabarani. Ncha zilezile mbili. Programu ileile. Kimraba kikahama. Ukianzia mlimani, mtembeaji anafika kwenye nusu akitoka upande wa fundi, anavuka, anaangukia kwetu. Ukianzia ziwani, anafika akitoka upande wetu, anavuka, anaangukia kwa fundi. Mistari miwili, yote imenyooka, yote ni ya kweli, na katikati yake kuna jiko la mtu au kazi ya mtu.

Nilijua nilichokitaka. Nilitaka karakana ya fundi ianguke. Nasema wazi, sioni aibu. Yule ni jirani mwema, lakini si yeye aliyenibeba mgongoni kuvuka mpaka. Nilimwita mama mkubwa, nikamwonyesha skrini, nikamchorea mara mbili mbele ya macho yake. Nikamweleza pole pole, mpaka akaelewa kwamba hakuna hila, hakuna rushwa, ni kuchagua tu wapi pa kuanzia. Nikamuuliza, tupitie wapi?

“Ukianzia kwa ziwa, jiko yangu inabaki?”

“Inabaki.”

“Na fundi?”

“Anavunja ukuta mmoja wa karakana. Ule wa mitungi ya gesi.”

Akafikiri. “Anzia kwa ziwa,” akasema.

Nikashusha pumzi. Nilihifadhi mchoro, nikazima kompyuta. Alikaa palepale kitini, mikono mapajani, anaangalia kioo kilichozimika.

Asubuhi yake nilikuwa napiga mswaki nje nikamwona anaelekea kwenye kijia. Alimwita fundi, “Mzee fundi,” na fundi akatoka na kofia yake ya kuchomelea imepandishwa kichwani. Nilidhani anataka moto, ama anaomba koleo. Alimweleza kila kitu. Mlima, ziwa, nusu, jiko, karakana. Alieleza vizuri kuliko mimi, na mimi nimesimama na povu mdomoni siwezi kupiga kelele. Nilimlaani kimya kimya. Nani anakwenda kumwamsha simba kumwambia kwamba mlango uko wazi?

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama ukuta wake, akatazama jiko letu, akalitazama doa jeupe mbele ya nyumba, linaloonekana hata toka pale.

“Mama,” akasema, “mi sina neno. We umekwisha kuchorwa mara moja. Kama ni mimi, ni mimi. Nitasukuma mitungi upande wa barabara. Mungu ni mukubwa.”

“Hapo barabarani si wataiba?”

“Wakiiba, wameiba.”

Mama mkubwa akamwambia asante, asubuhi njema, salamu kwa mama watoto. Akarudi. Alinipita, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji nisukutue mdomo, kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea. Nikasukutua. Ndipo akaniambia nianzie mlimani.

Niliwaka. Nilimwambia fundi amekubali, mwenyewe amekubali kwa mdomo wake, sasa yeye anataka nini? Kwamba jiko si sufuria, ni tofali, ni mabati, ni miaka ya kuvusha vitenge akikimbizana na mvua. Kwamba atapika wapi? Kwamba watu wema wa namna hiyo ndio wanaokufa maskini. Nilisema mengi. Aliniacha niseme mpaka yakaniishia, jinsi anavyoacha sufuria ichemke ishuke yenyewe.

“We mutoto,” akasema. “Nyumba ya kwanza waliichoma. Hakuna mutu aliniuliza. Nilikuwa kwenye shamba, nikaona moshi. Ya pili, ile ya Uvira, maji ilibeba. Maji haiulizi mutu. Juzi walikuja kuchora hii, walinisalimia, lakini hawakuniuliza.”

Akakichukua kile kikombe mkononi mwangu.

“Jana we umeniuliza. Ulisema, Mama mukubwa, tupitie wapi? Mi toka nizaliwe sijaulizwa hiyo. Nilijibu mbiombio, juu ya woga. Nikalala nayo, na nikaona ile haikuwa jibu, ilikuwa woga tu. Sasa nataka kujibu.”

Nilitaka kumwambia kwamba kwangu haikuwa swali kubwa namna hiyo, ilikuwa nusu ya kimraba. Nikaingia ndani, nikawasha kompyuta, nikachora toka mlimani. Picha ile ndiyo tuliyoipeleka kwa kamati, na kimraba chekundu kimekaa juu ya jiko letu. Mwenyekiti aliponiuliza kwa nini sikukisukuma upande wa pili, nikamwambia amwulize mwenye jiko. Akaenda akamwuliza. Akakaa kwa muda mrefu, akanywa chai mara mbili.

Wiki iliyofuata vijana walikuja na nyundo kubwa kubomoa. Mama mkubwa aliwarudisha. Aliwaambia jiko ni lake, atalivunja yeye, waje kuchimba kukiwa kumesafishwa. Tuliyatoa mabati kwanza, mimi na fundi. Halafu akavaa suruali yangu ya zamani ndani ya kitenge, akaomba ngazi, akapanda. Nilimwambia ashuke, nitafanya mimi, yeye ni mtu mzima. Hakunisikia, au alinisikia.

Alikaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia ndani ya jiko lake mwenyewe, akazitazama tofali za safu ya mwisho moja moja. Hakuwa na haraka. Kuna moja alitaka kuigusa akaiacha, akashika ya pembeni yake, akaigonga kwa kisigino cha panga mpaka ikalegea. Udongo ukamwagika. Akaipuliza vumbi, akaigeuza kuona kama imepasuka, ikawa nzima.

“Shika, papa,” akasema. “Usiangushe.”

Nikaishika. Ilikuwa bado na joto la jua. Nilianza kulia pale chini na tofali mkononi, na fundi akageuka akajifanya anahesabu mabati, na yeye, mama mkubwa, alikuwa ameshachagua ya pili.